Kuchagua meza ya mtandaoni kwa michezo ya kuigiza wahusika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wachezaji wa Nyanda za Juu Kusini

Majibu haya ni kwa ajili ya vikundi vinavyocheza kwa mbali michezo ya kuigiza wahusika, yaani ile ambayo kila mchezaji anaigiza mhusika wake katika hadithi inayotungwa pamoja: mmoja yuko Uyole, mwingine Iringa mjini, wa tatu kahamishiwa kazi Makete, wa nne yupo kwao Tukuyu. Kikundi changu kiko hivyo hivyo, na mimi ndiye msimamizi wake, yaani anayesimulia hadithi na kuwaongoza maadui. Nitasema wazi ninachokipendelea na sababu zake.

Meza ya mtandaoni ni kitu gani hasa?

Ni programu inayowawekea wachezaji kwenye skrini vitu ambavyo mngevitandaza mezani kama mngekaa pamoja: ramani, kete za wahusika, dadu, na karatasi yenye nguvu na mali za kila mhusika. Msimamizi anasogeza majambazi na mazimwi, wachezaji wanasogeza kete zao, na wote wanaona wakati uleule. Michezo yenyewe ni ya siku nyingi. Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na ilichezwa kwa penseli na karatasi. Programu imekuja kuwasaidia watu walio mbalimbali. Haisimulii kwa niaba yenu.

Je, ni lazima tuwe nayo?

Hapana. Kama mchezo wenu ni wa upelelezi, majadiliano na safari, simu ya kundi ya WhatsApp na picha mbili tatu zinatosha kabisa. Meza inaanza kuwa na maana pale ambapo nafasi ya mtu inaamua jambo: nani kasimama mlangoni, nani kajificha nyuma ya mwamba, adui yuko miraba mingapi kutoka kwa mganga wenu. Vita ikipiganwa kwa maneno matupu na watu watano, nusu saa inaishia kwenye kuulizana "mimi niko wapi?" Hapo ramani inaokoa muda na inaokoa bando pia.

Tuangalie nini kwanza kabla ya kuchagua?

Mwangalieni mchezaji mwenye kifaa dhaifu na mtandao dhaifu kuliko wote. Huyo ndiye anayechagua programu. Watu wengi wanaanza kinyume: msimamizi mwenye kompyuta nzuri anatazama video, anavutiwa na taa zinazocheza ukutani na milango inayofunguka kwa sauti, ananunua, kisha siku ya kwanza wawili kati ya watano hawaingii. Mchezo unaoonekana vizuri kwa mtu mmoja tu haujawa mchezo wa kundi.

Kwa hiyo ulizeni maswali manne kabla ya kutaja jina la programu yoyote. Nani ana kompyuta na nani ana simu tu? Kila mmoja anatumia nini kuingia mtandaoni, faiba, Wi-Fi ya chuo au bando la simu? Umeme ukikatika nani anabaki hewani? Na msimamizi ana muda gani wa kuandaa kati ya kikao na kikao? Hili la mwisho watu hulisahau. Kuna programu zinazokuomba uchore kuta zote za jengo, mstari kwa mstari, ili mwanga uzuiwe sawasawa. Ni kazi tamu kwa anayeipenda, lakini mwalimu aliyerudi nyumbani na madaftari ya kusahihisha hataiweza kila wiki.

Zipo programu zipi, na wewe unaonaje?

Owlbear Rodeo ndiyo ninayompa mtu anayeanza. Inafunguka kwenye kivinjari, msimamizi anafungua akaunti, anatengeneza chumba na kutuma kiungo, wachezaji wanaingia bila kujisajili. Ina ramani, kete, ukungu wa kuficha sehemu ambazo hazijafikiwa, na nyongeza kama dadu. Kanuni za mchezo haizijui, na mimi naliona hilo kuwa jambo jema: mnahesabu wenyewe, mnajifunza mchezo wenu. Akaunti ya bure ina kikomo cha hifadhi, lakini kwa kampeni ndogo, yaani hadithi moja inayoendelea kwa vikao vichache, mtu hukifikia kwa shida.

Roll20 ilianza mwaka 2012, nayo ni ya kivinjari. Ina karatasi za wahusika zilizotengenezwa tayari kwa michezo mingi, kwa hiyo mchezaji anabofya "shambulia" na hesabu inajitokeza kwenye maongezi. Ni nzito kuliko Owlbear, ina vitufe vingi, na baadhi ya vitu vinahitaji ulipie kila mwezi au mwaka. Kama mnacheza mchezo wenye kanuni nyingi na wote mna kompyuta, ni chaguo la kuaminika.

Foundry VTT ilitoka rasmi mwaka 2020. Msimamizi peke yake ndiye anayenunua, leseni ya dola 50 mara moja, yaani zaidi ya shilingi laki moja, na wachezaji wanaingia bure kwa kivinjari. Kwa uwezo, sijaona ya kuishinda: viambatisho vingi (programu ndogo za kuiongezea uwezo), mwanga, muziki, na data yote iko mikononi mwako. Ina masharti yake, nayo nimeyaeleza kwenye swali lake hapa chini.

Fantasy Grounds ni kongwe, ipo tangu 2004, na inafanya hesabu za kanuni kwa undani sana, ila kila mmoja anaisakinisha kwenye kompyuta yake. Tabletop Simulator ya 2015 inakupa meza ya 3D unayoweza hata kuipindua, lakini kila mchezaji lazima anunue nakala yake na awe na kompyuta yenye nguvu. Kwa vikundi vingi vya huku hiyo peke yake inamaliza mjadala. MapTool ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Inamfaa mtu anayependa kuchokonoa mwenyewe.

Wachezaji wetu wengi wana simu tu. Tunaweza?

Mnaweza, lakini chaguo linakuwa dogo. Foundry haikujengwa kwa skrini ya simu. Mtu atalazimisha, ataona vipande, atachoka. Roll20 kwenye simu inafaa zaidi kwa kuangalia karatasi ya mhusika na kurusha dadu kuliko kwa kuongoza mchezo. Owlbear inakubali vidole: unavuta ramani, unabana kukuza, unasogeza kete.

Njia nyingine ambayo imewafaa watu wengi ninaowajua ni kuwaweka wachezaji wa mji mmoja pamoja. Kama watatu wako Mwanjelwa, wakutane kwa mmoja wao mwenye kompyuta, ramani iwe pale, kila mtu ashike karatasi yake ya daftari. Anayebaki mbali anaunganishwa kwa sauti. Msiwaonee aibu wanaotumia karatasi. Ndivyo mchezo ulivyozaliwa.

Nimenunua Foundry, lakini wachezaji hawawezi kuingia kwangu. Tatizo ni nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi ya yote, na jibu lake linahitaji nafasi.

Foundry inageuza kompyuta yako kuwa seva. Wachezaji wanatakiwa waje kwako, kwa kawaida kupitia poti namba 30000, yaani mlango wa mtandao wenye namba hiyo. Ukiwa na rauta ya faiba yenye anwani yako ya umma, unaingia kwenye mipangilio ya rauta, unafungua hiyo poti, na mambo yanakwenda. Lakini ukitumia bando la simu kwa hotspoti, mtandao wa simu kwa kawaida unawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Wewe unaweza kutoka nje, mgeni hawezi kukufikia, kwa sababu hakuna mlango ulioandikwa jina lako. Unaweza kuhangaika na mipangilio ya Windows usiku kucha na usipate kitu, maana kizuizi hakiko kwako. Wi-Fi za vyuo na hosteli nazo huwa hivyo hivyo, mara nyingi kwa makusudi, kwa usalama.

Suluhisho ziko tatu. Ya kwanza ni kuchimba njia kutoka ndani kwenda nje kwa huduma kama Cloudflare Tunnel: unaendesha programu ndogo kwenye kompyuta yako, inakupa anwani ya wavuti, unawatumia wachezaji. Hawasakinishi chochote. Ya pili ni Tailscale au ZeroTier, zinazowaunganisha ninyi tu kana kwamba mko kwenye nyumba moja. Hapa kila mchezaji lazima asakinishe. Ya tatu ni kukodi seva inayokaa mtandaoni, iwe huduma iliyotengenezwa kwa ajili ya Foundry kama The Forge au seva ya kawaida unayoisimamia mwenyewe.

Kama fedha ipo, mimi naichagua ya tatu, na sababu siyo uvivu. Ukiwa wewe ndiye seva, kila picha inatoka kwenye mtandao wako wa kupandisha, ambao kwa simu huwa dhaifu kuliko wa kushusha. Ramani ya MB 6 ikienda kwa wachezaji wanne ni MB 24 zinazopanda kutoka kwenye hotspoti yako, huku sauti yako nayo ikigombania njia hiyohiyo. Ndipo unasikia: "Kaka, nakusikia vizuri, ila ramani bado nyeupe." Unamjibu "subiri kidogo dogo," na wengine watatu wanakaa kimya wakisubiri mtu mmoja aone mlango.

Kikao kimoja kinakula bando kiasi gani?

Ramani zikiwa zimepunguzwa vizuri, meza yenyewe hula kidogo. Kinachokula ni sauti, na hasa video. Fanya hesabu mwenyewe: chaneli ya sauti ya Discord, programu ya maongezi ya vikundi, kwa kawaida imewekwa kilobiti 64 kwa sekunde. Mtu akiongea saa nzima bila kupumua, hiyo ni karibu MB 29. Kwa kuwa watu hupokezana kuongea, kikao cha saa tatu kinabaki kwenye makumi ya megabaiti hadi MB mia na kitu. Mwenye chaneli anaweza kuishusha hadi kilobiti 32, na sauti ya maongezi bado itaeleweka.

Video ni habari nyingine. Picha inayotiririka kwa megabiti 2 kwa sekunde inamaliza MB 900 kwa saa, kwa kila anayeitazama. Kwa hiyo kamera zifungwe, na msimamizi asitumie kushiriki skrini kama njia ya kuonyesha ramani. Wengi hufanya hivyo wakidhani ni rahisi kuliko kufungua meza. Ukweli ni kwamba ni njia ghali kuliko zote: meza inatuma ramani mara moja, kisha inatuma taarifa ndogo tu ya kete kusogea.

Ramani zangu zinachelewa kufunguka. Nifanyeje?

Zipunguze kabla ya kuzipandisha. Roll20 hutumia pikseli 70 kwa mraba mmoja, Foundry huanza na 100. Ramani ya miraba 30 kwa 20 inahitaji basi pikseli 2100 kwa 1400 tu kwenye Roll20. Ramani nyingi za kupakua mtandaoni huja zikiwa mara mbili au tatu ya hapo, na huwa PNG, aina ya picha yenye faili nzito. Igeuze iwe WebP au JPEG; mara nyingi inashuka chini ya MB 1 na jicho la mchezaji halitaona tofauti. Kisha watumie wachezaji kiungo mchana, wafungue chumba mara moja wakiwa na mtandao mzuri. Kivinjari huhifadhi picha zilizokwisha kuonekana, na usiku zinafunguka upesi zaidi.

Umeme ukikatika katikati ya mchezo?

Hapa programu zinazokaa kwenye seva za nje, kama Roll20 na Owlbear, zinashinda waziwazi. Msimamizi akizimikiwa Tukuyu mvua inaponyesha, chumba kinabaki wazi. Anaingia kwa simu na kuendelea kusimulia. Foundry ikiwa kwenye kompyuta yako, ukizima wewe wamezima wote. Kompyuta mpakato yenye betri nzima inasaidia, lakini rauta nayo inahitaji umeme, kwa hiyo uwe na hotspoti ya akiba. Kubalianeni mapema: sauti ikikatika kwa zaidi ya dakika kumi, mnahamia kwenye maandishi ya WhatsApp, msimamizi anaeleza mahali kila mmoja alipo, mnamaliza tukio lililokuwa linaendelea, mnalala.

Nitalipiaje kutoka huku?

Kwa kadi ya benki iliyoruhusiwa manunuzi ya mtandaoni, au kadi ya Visa ya kidijitali inayotengenezwa ndani ya menyu ya M-Pesa. Weka pesa kidogo zaidi ya bei iliyoandikwa, maana kubadilisha dola kuna gharama, na wakati mwingine kodi huongezwa mwishoni. Malipo ya kila mwezi hujirudia yenyewe, hivyo kama unajaribu tu, zima marudio siku hiyohiyo uliyolipa. Mkichangishana, mchango uende kwa msimamizi, akaunti iwe yake. Akaunti ya pamoja yenye nenosiri linalojulikana na watu sita huleta ugomvi.

Tunataka kucheza kwa Kiswahili. Programu itatukubali?

Sehemu inayojali, ndiyo. Vitufe vitabaki vya Kiingereza, lakini ramani, majina, maelezo na maongezi mnaandika mnavyotaka, na amri za dadu ni alama tu: kwenye Roll20 na Foundry ukiandika /r 1d20+5 (dadu moja ya pande 20, ongeza 5) unapata jibu bila kujali lugha unayoongea. Shida huja kwenye karatasi za wahusika zilizotengenezwa tayari. Kwenye Foundry kuna mfumo wa bure unaoitwa Simple Worldbuilding ambao unakuachia uandike sifa zako mwenyewe: Nguvu, Wepesi, Hekima, Ujasiri, chochote. Owlbear yenyewe haiji na karatasi, kwa hiyo tengenezeni yenu kwenye Google Sheets au daftarini.

Na kuhusu kutafsiri kanuni, habari ni njema. Mwezi Januari 2023 kanuni za msingi za Dungeons & Dragons, zile ziitwazo SRD 5.1, ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu kunakili, kubadilisha na kutafsiri, mradi utaje zilikotoka. Kwa hiyo kikundi cha wanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) au wa Chuo Kikuu cha Iringa kinaweza kuzitafsiri na kuzigawa bila woga. Natamani sana kazi hiyo ifanyike, na ifanywe na wachezaji wenyewe, kwa sababu mtu anayecheza ndiye anayejua neno gani linatamkika haraka katikati ya vita.

Lazima tutumie misitu na ngome za Ulaya?

Hata kidogo, na hapa naomba wasimamizi wajiachie. Nguzo za Isimila, kando ya barabara ya Iringa kwenda Mbeya, zimechongwa na maji katika bonde jembamba: huwezi kutunga mahali pazuri zaidi pa kuvizia watu. Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira linatoa uwanja wa pambano wenye njia moja tu ya kupita. Nyanda za maua za Kitulo, kimondo cha Mbozi kilicholala peke yake, mwamba wa Gangilonga unaoitazama Iringa, vyote vinangoja kuchorwa. Msingi wa ramani ya eneo unaweza kuupata OpenStreetMap, ambako data iko huru kutumika ukitaja chanzo.

Kikundi chetu kilipanda mlima Ngozi, wenye ziwa ndani ya kreta yake, kwa njia hii. Niliweka ukungu wa programu juu ya ramani yote ya kreta, nikaufungua mraba kwa mraba kadiri kete zilivyopanda kati ya miti. Walipofika ukingoni nilifungua ziwa lote kwa mara moja. Aliyekuwa Makambako, ambaye hajawahi kufika huko, alinyamaza kwanza, kisha akauliza kama maji yale ni ya kijani kweli. Hakukuwa na taa za kisasa wala muziki. Ilikuwa picha moja ya JPEG.

Ukitumia historia, iheshimu. Vita ya Lugalo ya tarehe 17 Agosti 1891, ambapo jeshi la Mkwawa lilikishinda kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski, inafaa kuwa chanzo cha mchezo mkubwa. Lakini wapo wazao, na fuvu la Mkwawa, lililorudishwa mwaka 1954, limehifadhiwa Kalenga. Usiligeuze kuwa hazina ya kuibiwa kwenye mchezo.

Dadu za kompyuta ni za haki?

Ndiyo. Kwa mchezo wa kawaida hazina upendeleo, ingawa mtu aliyepata 1 mara tatu mfululizo hatakubali. Kama kundi halina imani, kila mtu arushe hadharani, pasiwe na dadu za siri hadi imani irudi.

Wadogo zetu wanaweza kucheza?

Wanaweza, mkiwa mnafahamiana. Tumia chumba cha kiungo cha faragha, usiingie kwenye orodha za michezo ya wazi na watu msiowajua, na mzazi ajue ni nani anayeongea upande wa pili. Discord yenyewe inataka mtumiaji awe na umri wa miaka 13 au zaidi. Pia kubalianeni ni mambo gani hayataingia kwenye hadithi. Hili nawaomba watu wazima nao walifanye.

Mwenzetu mmoja yuko Uingereza. Tunapangaje muda?

Sisi hatubadilishi saa, wao hubadilisha mara mbili kwa mwaka. Kikao cha saa mbili usiku Mbeya ni saa kumi na moja jioni London wakati wa baridi, na saa kumi na mbili wakati wa kiangazi chao. Mwezi Machi na Oktoba mkumbusheni wiki moja kabla. Ukimwandikia mchezaji asiyejua Kiswahili, tumia saa 24, yaani 20:00, usimwachie afikiri mwenyewe.

Tukianza na programu rahisi kisha tukataka kuhama, tutapoteza kazi yetu?

Mtahama bila maumivu kama mmehifadhi vitu vyenu nje ya programu. Picha za ramani ziwe kwenye folda yako, na jina la kila faili liseme idadi ya miraba, kwa mfano ngozi-30x20. Karatasi za wahusika ziwe na nakala kwenye Google Sheets au daftarini. Muhtasari wa kila kikao uandikwe na mchezaji mmoja kwa zamu, uwekwe kwenye kundi la WhatsApp. Kwenye Foundry, nakili folda ya data nzima kwenye flashi kila baada ya vikao vichache, na kabla ya kusasisha toleo fanya hivyo bila kukosa, kwa kuwa viambatisho vya zamani wakati mwingine hukataa toleo jipya. Kuta na taa ulizochora hazitahama kwa urahisi. Hizo utazichora upya. Hameni mwanzoni mwa sura mpya ya hadithi, na siku ya kwanza kwenye programu mpya chezeni pambano dogo lisilo na uzito, ili kila mtu ajue kete yake inasogezwaje kabla zimwi halijatoka.